Darasani Ametulia, Nyumbani Hali Wala Halali

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka 8, na miezi michache iliyopita daktari alithibitisha kwamba ana ADHD, ule ugumu wa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Sitaki kukuchosha na habari za kabla ya hapo. Mzazi aliyewahi kuitwa shuleni kila mara anazijua. Tulianza na mafunzo ya wazazi, yakasaidia kiasi, kisha daktari akamwandikia methilifenideti. Alisema kidonge kimoja tu asubuhi kitamtosha hadi jioni.

Shuleni mambo yamebadilika. Mwalimu amenitumia ujumbe wa kumsifu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze shule. Anamaliza kazi, hatoki kitini, hamsumbui mtu.

Nyumbani ni kilio. Kopo la chakula analibeba na kurudi nalo vilevile. Siku moja nilikuta hata kifuniko hakijaguswa. Alikuwa na kilo 26, sasa mizani inasoma 24 na nusu. Juzi nilipita shuleni wakati wa mapumziko ya asubuhi, saa nne hivi, nikamkuta amekaa peke yake ukutani anachezea vidole, wenzake wanakimbizana. Nilimwita, akaniangalia kama mtu aliyetolewa usingizini. Huyo si mwanangu. Mwanangu ni kelele.

Ikifika saa tisa, saa kumi, anageuka. Wiki hii amelia karibu saa nzima kwa sababu mdogo wake alikalia upande wake wa kochi. Na usiku ndiyo balaa: saa nne bado macho makavu, mara ana njaa, mara ana kiu, mara shati linamwasha.

Kumpa dawa yenyewe hakuna shida tena. Mwanzoni kumeza kidonge ilikuwa vita, lakini sasa nakisaga kwa kijiko na kukichanganya na kitu kitamu, anakunywa bila kujua.

Mama mkwe anasema nampa mtoto madawa ya kulevya. Mume wangu, ambaye mwanzoni tulikuwa kitu kimoja, sasa anataka tuache kabisa, au basi tumpe siku za shule tu. Nikiacha, najua nitakakorudi. Nikiendelea, naona mtoto anaisha mikononi mwangu. Niache au niendelee?

Mama Njia Panda

*

Marahaba, mama.

Swali lako nitalijibu, lakini kuna sentensi moja umeipita haraka ambayo mimi imenisimamisha: "nakisaga kwa kijiko". Nilishika kaunta ya duka la dawa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na sentensi hiyo naijua. Kabla ya dozi ya kesho, mpigie daktari au mfamasia aliyewapa dawa. Msomee jina lote lililoandikwa kwenye boksi, pamoja na zile herufi mbili tatu za mwishoni ambazo watu huziruka, kisha muulize: kidonge hiki kinaruhusiwa kusagwa? Usikisage tena mpaka upate jibu. Ukimkosa asubuhi, kuruka dozi moja ya methilifenideti hakutamdhuru. Mtakuwa na siku ya vurugu, basi.

Nakuambia kwa nini. Methilifenideti ya kawaida hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4 hivi, ndiyo maana wanaoitumia hupewa mara mbili au tatu kwa siku. Wewe uliambiwa kimoja asubuhi kinatosha hadi jioni. Maneno hayo ya daktari yananiambia kwamba mlipewa kile cha kutoa dawa polepole, kinachoiachia kidogo kidogo kwa saa 8 hadi 12 kutegemea aina. Ufundi wote uko kwenye umbo la kidonge chenyewe, yaani ganda lake na matabaka yake. Kuna aina ambayo ganda lake ni gumu kiasi kwamba hupita tumboni likatoka zima chooni, na wazazi hupiga simu wakidhani dawa haikuyeyuka. Ukisaga kidonge cha namna hiyo, dawa iliyopangwa kumfikia kutwa nzima inaweza kuingia karibu yote kwa mkupuo, sawa na kupasua tangi badala ya kufungua bomba.

Sasa isome upya barua yako ukiwa na saa mkononi. Saa nne asubuhi mtoto amekaa ukutani, hayupo. Huo ndio wakati ambao dawa iliyosagwa ingekuwa kwenye kilele chake. Mchana hagusi chakula. Saa tisa, saa kumi, huenda dawa imekwisha mwilini kabla ya wakati wake na mtoto anaporomoka: machozi, hasira, kila kitu kinamuudhi. Hali hiyo ya dawa kuondoka kwa ghafla madaktari wanaijua vizuri. Kwa kawaida huchukua nusu saa hadi saa moja hivi, na wakati huo mtoto huweza kuwa mgumu kuliko alivyokuwa kabla hajaanza dawa kabisa. Kochi halikuwa na kosa.

Sisemi kwamba kusaga ndiko kunakoeleza kila kitu. Hata watoto wanaomeza kidonge kizima hupoteza hamu ya kula mchana, na wengine hukawia kulala. Tena ujiandae: akianza kutumia dawa kama ilivyokusudiwa, picha itabadilika. Kilio cha alasiri kinaweza kusogea hadi magharibi au kupungua, na usiku unaweza kuja na mambo yake. Kwa hiyo nataka ufanye jambo ambalo litakufaa kuliko ushauri wangu wote. Andika saa.

Chukua daftari la kawaida. Usiandike "leo alikuwa mbaya", kwa sababu daktari hana la kufanya na neno hilo. Andika hivi: Jumanne, dawa saa 1:10 asubuhi baada ya kula. Saa 4 kimya, hakucheza. Saa 7 hakula. Saa 10 kilio, dakika 40. Amelala saa 4:30 usiku. Mistari kama hiyo ya wiki mbili ikiwa mezani kwa daktari, ana pa kushika. Tabu ikitokea dawa ikiwa kwenye nguvu zake, atafikiria kushusha dozi. Ikitokea mkiani, pale dawa inapoondoka, anaweza kubadilisha aina, au akaongeza dozi ndogo ya alasiri ili mshuko uwe mpole. Ikitokea hata siku ambazo hakumeza kitu, huenda dawa inasingiziwa, na kuna jambo jingine la kutafuta: wasiwasi, uonevu shuleni, au usingizi uliokuwa mbovu tangu zamani.

Kuhusu chakula, acha kupigania mlo wa mchana. Hamu ya kula iko chini kabisa wakati huo, na kumshikia kijiko kutamfanya achukie meza yenyewe. Hamishia nguvu zako pembeni ya siku. Asubuhi ale kwanza, ashibe, ndipo apewe dawa. Kumeza baada ya kula hupunguza pia maumivu ya tumbo ambayo wengi huyapata wiki za mwanzo. Jioni dawa ikishaondoka njaa hurudi, na mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mwanao anapokuambia saa nne usiku kwamba ana njaa, mwamini. Panga mlo kamili wa jioni na kingine kidogo kabla ya kulala, vyakula vyenye mafuta na protini ya kutosha, ili kila anachokubali kula kimfae. Kopo la shuleni endelea kumfungia, lakini weka vitu vidogo anavyovipenda, na likirudi limejaa usimhoji.

Kilo moja na nusu kwa mtoto wa kilo 26 si jambo la kupuuza. Si dharura pia, lakini daktari anapaswa kuijua sasa, msisubiri miadi ijayo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataka mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo apimwe uzito kila baada ya miezi 3, urefu kila baada ya miezi 6, na mapigo ya moyo na presha kila dozi inapobadilishwa na kila baada ya miezi 6. Kama hakuna aliyewahi kumfunga mwanao kile kitambaa cha presha tangu aanze dawa, omba. Una haki ya kuomba, na si utovu wa adabu.

Wazazi huniuliza kama mtoto atadumaa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza na watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 uliangalia jambo hili: baada ya miaka 3, watoto walioanzishiwa dawa za kuchangamsha ubongo, kundi ambalo methilifenideti imo, walikuwa wafupi kwa sentimita 2 hivi na wepesi kwa takriban kilo 2.7 kuliko wenzao wasiotumia. Si kudumaa huko, lakini si sifuri, na mtu anayekuambia hakuna athari yoyote kwenye ukuaji hakutendei haki. Ndiyo maana mizani na futi ya ukutani ni sehemu ya matibabu.

Usiku. Kabla ya kuilaumu dawa, jiulize mtoto huyu alikuwa analala saa ngapi mwaka jana. Watoto wengi wenye ADHD ni wagumu kulala hata bila dawa, na kama dawa yake inakwisha saa tisa, basi saa nne usiku haimo tena kwa kiasi cha kumkesha. Anachopambana nacho huenda ni njaa, au ule msukosuko wa dawa kuondoka ambao haujamwisha. Dawa apewe mapema asubuhi iwezekanavyo, saa ileile kila siku, wikendi pia. Skrini zizimwe saa moja kabla ya kulala. Soda za kola, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu visimkaribie mchana na jioni, kwa sababu kafeini nayo huchangamsha, na juu ya dawa hii huongeza mapigo ya moyo. Hata baadhi ya dawa za mafua za dukani zina viungo vinavyopandisha presha, kwa hiyo mfamasia aambiwe daima kwamba mtoto yuko kwenye methilifenideti. Yote haya yakishindikana, daktari ana njia nyingine, ikiwemo melatonini, homoni ya usingizi, lakini usimnunulie mwenyewe.

Ile saa mbaya ya alasiri, msiijaze shughuli. Akitoka shule apewe kwanza kitu cha kula, kisha aachwe. Maswali ya "shule ilikuwaje" na daftari za kazi zingoje. Mdogo wake apewe kazi chumba kingine. Ni saa moja tu ya siku nzima, na mkishaijua kwa jina haitawatisha hivyo.

Sasa lile lililokuuma zaidi, la mtoto kukaa ukutani. Dozi iliyo sawa haimgeuzi mtoto kuwa sanamu. Inapaswa kumwacha na utani wake, kelele zake za uwanjani na ubishi wake, huku ikimsaidia kumaliza sentensi aliyoianza. Ukiona amepooza, haongei, hacheki, hiyo kwa kawaida ni ishara kwamba dawa imemzidi, na daktari mzuri ataichukulia kwa uzito uleule wa kupungua kilo. Mwalimu amefurahi, namwelewa, darasa lake sasa linafundishika. Lakini furaha ya mwalimu si kipimo cha dozi. Mwombe akuambie pia mambo mengine: anacheza na nani, anacheka, anajibu akiulizwa?

Na kuna mtu ambaye maneno yake siyaoni popote kwenye barua yako. Mtoto wa miaka 8 anajua kueleza. Muulize, si wakati wa kilio, labda mkiwa mnatembea: dawa ikiwa inafanya kazi unajisikiaje? Wengine husema "kichwa kimetulia". Wengine husema "sijisikii mimi", au "moyo unakimbia", au "nataka kucheza lakini sitaki". Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Hapa pia naongeza jambo ambalo hukuliuliza: asipewe dawa "bila kujua". Mwaka huu inapita. Akiwa na miaka 12 akagundua, mtapoteza imani yake pamoja na dawa.

Mama mkwe hajakosea kila kitu, kwa hiyo usimjibu kwa ukali. Methilifenideti ni dawa inayodhibitiwa karibu kila nchi, kwa sababu wapo watu wazima wanaoitumia vibaya. Ifungieni, mvihesabu vidonge, na mtu mwingine asigawiwe hata kimoja. Lakini ikimezwa kwa kipimo cha daktari hailevyi. Wala si jaribio la jana: mwaka 1937 daktari wa Marekani, Charles Bradley, aliandika jinsi dawa ya jamii ya amfetamini, nayo ya kuchangamsha ubongo, ilivyowatuliza watoto wengine na kuwafanya wapende kazi za shule, na methilifenideti yenyewe iko sokoni tangu miaka ya 1950. Ukipata nafasi, mwende naye kliniki. Bibi akisikia kwa daktari mwenyewe, nyumba hupumua.

Kwa mumeo nina jibu refu kidogo. Methilifenideti haikai mwilini siku nyingi, kwa hiyo kuisimamisha kwa muda kunawezekana, na madaktari wengine hupanga mapumziko wakati wa likizo ndefu ili mtoto arudishe kilo. Mimi napenda mapumziko yaliyopangwa. Ya kukurupuka ndiyo siyapendi: leo kapewa kwa sababu kuna shule, kesho kanyimwa kwa sababu bibi amekuja. Kwa baadhi ya watoto kuacha Jumamosi na Jumapili maana yake ni kuanza upya na maumivu ya tumbo kila Jumatatu. Isitoshe, ADHD haiishii getini mwa shule; mtoto anavuka barabara wikendi pia, anagombana na marafiki wikendi pia. Mjadiliane na daktari wote wawili. Na kama siku moja atabadilishiwa dawa, msichukulie uhuru huu kama wa dawa zote. Guanfasini na klonidini, dawa nyingine zinazotumika kwa ADHD, hazikatishwi ghafla hata kidogo, kwa sababu presha inaweza kupanda kwa kasi.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari. Mtoto akizimia, akilalamika kifua kinauma au moyo unamkimbia vibaya akicheza, akiona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, akizungumza habari za kutaka kufa, au uume ukisimama kwa maumivu na kukataa kulala, nendeni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Vidole vikibadilika rangi na kufa ganzi, mpigie daktari. Na kama kwenye ukoo wenu au wa mumeo kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, na hamkuwahi kulisema, lisemeni sasa. Kupepesa macho kupita kiasi, kukunja pua au kukohoakohoa bila mafua si dharura. Mambo hayo huja na kuondoka kwa watoto wengi wenye ADHD hata bila dawa, ila nayo yaandikwe.

Niache au niendelee? Usiache kwa uamuzi wa sebuleni, na usiendelee kama mlivyokuwa mnaendelea. Kwa yale uliyoandika, sina hakika kama mwanao amewahi kuionja dawa hii kama ilivyotengenezwa, kwa hiyo ni mapema mno kuihukumu.

Kumeza kunafundishika. Wakati ambao si wa dawa, mkiwa mnacheka, afanye mazoezi na punje ndogo ya mkate laini, anywe maji, kisha punje kubwa kidogo, siku baada ya siku mpaka ifike ukubwa wa kidonge. Kichwa kikae sawa. Kukitupa nyuma kama kuku anywaye maji hufanya koo libane. Akishindwa kabisa, mwambie daktari, kwa sababu zipo kapsuli zinazoruhusiwa kufunguliwa na chembechembe zake kunyunyiziwa juu ya chakula laini, mradi asizitafune, na zipo nchi zenye dawa hii ya maji au ya kutafuna.

Na ikiwa mfamasia atakujibu kwamba kidonge chenu ni cha kawaida na kusagwa hakukuharibu kitu, peleka daftari hilohilo kwa daktari wiki hii na umwombe azungumzie dozi. Kuna nafasi ya kushusha, ya kujaribu aina nyingine ya methilifenideti, au lisdeksamfetamini, au dawa zisizo za kuchangamsha kama atomoksetini. Hiyo ya mwisho huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo akiwaandikia hiyo, msiipime kwa siku 3 za kwanza.